Neva Zinazokufa Kuanzia Ncha: Moyo Katika Ugonjwa wa Miili ya Lewy

Mabibi na mabwana, shikamooni mlio wakubwa, na wengine wote hamjambo.

Tuanze na jambo ambalo wengi wenu mmeliona. Mzee amemaliza wali wake wa mchana, amekaa kidogo mkekani, kisha anainuka kwenda kutawadha. Hatua ya tatu anaona giza, magoti yanalegea, yuko chini. Akishalazwa, dakika mbili tatu amerudiwa na fahamu, anauliza mbona mmemzunguka. Anapimwa presha hapohapo akiwa amelala, mashine inasoma 160 kwa 90, na kila mtu anakubaliana kwamba presha imempanda. Anaandikiwa dawa ya kuishusha. Baada ya wiki anaanguka tena, na safari hii nyonga inavunjika.

Kwa wagonjwa wengi wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, na kwa wale waliopungukiwa akili kwa sababu ya miili ya Lewy, chanzo cha anguko hilo ni neva. Neva za moyo na za mishipa ya damu zinakufa, na pengine zilianza kufa miaka kadhaa kabla mkono haujatetemeka. Ugonjwa huu tumezoea kuuita wa ubongo. Jina hilo linatufanya tusipime kinachopimika kwa mashine ya presha ya kawaida, na wagonjwa wanaumia kwa kosa hilo.

Miili ya Lewy ni nini? Mwaka 1912 daktari Mjerumani, Fritz Heinrich Lewy, aliangalia kwa darubini ubongo wa watu waliofariki wakiwa na Parkinson, akaona madonge ya mviringo ndani ya seli za neva. Mojawapo ya sehemu alimoyaona ni kiini cha nyuma cha neva ya vagasi, neva inayoteremka kutoka shina la ubongo hadi kifuani na tumboni. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza dalili ilikuwapo kwamba jambo hili haliishii kichwani. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff, akifanya kazi Paris, aliyakuta madonge hayohayo katika sehemu nyeusi ya shina la ubongo, akayapa jina la Lewy. Yameundwa na nini hasa? Jibu lilikuja mwaka 1997: alfa-sinukleini, protini ya asidi amino 140.

Protini hii si sumu. Kila mmoja wetu anayo, na makazi yake makubwa ni kwenye ncha ya neva, karibu na vifuko vidogo vinavyobeba kemikali za kupeleka ujumbe. Taabu huanza inapojikunja vibaya. Uji unajulikana: ukishashika donge moja, unga wa pembeni nao hulishikilia donge lilelile, na kadiri unavyokoroga ndivyo linavyokua. Molekuli iliyojikunja vibaya huzivuta nyingine zijikunje vilevile, zinashikamana kuwa nyuzinyuzi, kisha madonge. Katika madonge hayo sehemu kubwa ya protini huwa imebandikwa fosfeti kwenye asidi amino ya 129, na alama hiyo ndiyo wataalamu wa maabara wanayoitafuta wanapotaka kutofautisha protini gonjwa na nzima.

Sasa tushuke kwenye moyo. Amri ya kuongeza kasi ya mapigo hutoka shina la ubongo, inateremka ndani ya uti wa mgongo, inatoka usawa wa kifua cha juu na kufika kwenye vifundo vya neva vilivyo pembeni mwa uti, hasa gangilioni ya stelata chini ya shingo. Hapo inapokelewa na neva ya pili, neva ya simpathetiki yenyewe, ambayo husafiri hadi kwenye utando wa nje wa moyo na kupenya ndani ya misuli. Nyuzi zake ni nyembamba mno, hazina ganda la mafuta linalokinga neva nyingine, na kila uzi hujigawa matawi mengi yenye vinundu kama shanga. Kila ushanga ni kituo cha kumwaga noradrenalini.

Tukiangalie kituo kimoja kwa karibu. Umeme wa neva unafika, vifuko vinapasuka, noradrenalini inamwagika juu ya misuli ya moyo, moyo unapiga haraka na kwa nguvu. Halafu sehemu kubwa ya noradrenalini hiyo haipotei. Kuna pampu kwenye ukuta wa ncha inayoirudisha ndani, na pampu nyingine inayoirejesha kwenye vifuko ili itumike tena. Kazi hiyo haikomi usiku wala mchana, na inakula nishati nyingi. Noradrenalini inayovuja kutoka kwenye vifuko huvunjwavunjwa na kimeng'enya kiitwacho monoamini oksidezi, na mabaki ya kwanza ya kuvunjwa huko ni aldehidi zenye sumu. David Goldstein wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambaye ameutafiti moyo huu kwa miaka mingi, ametoa hoja kwamba aldehidi hizo na alfa-sinukleini huchocheana: sumu huifanya protini igande, protini iliyoganda huharibu vifuko, vifuko vinavuja zaidi. Hoja hiyo bado inajadiliwa. Sisi tunaiona ina uzito, kwa sababu inaeleza kwa nini ncha za neva hizi, zenye protini nyingi na kemikali kali mahali pamoja, ndizo zinazotangulia kufa.

Na kweli ncha ndizo zinazotangulia. Japani, Satoshi Orimo na wenzake walichunguza moyo wa watu waliofariki pamoja na gangilioni zao. Walitumia kingamwili za aina mbili za kutia rangi, moja ya kuonyesha kimeng'enya kinachoshiriki kutengeneza noradrenalini, yaani neva iliyo hai, na nyingine ya kuonyesha alfa-sinukleini iliyobandikwa fosfeti. Kwa mtu mzima wa afya, fungu la neva kwenye utando wa nje wa moyo hujaa rangi ya kwanza. Kwa mgonjwa wa Parkinson wa muda mrefu fungu lipo, umbo lake lipo, lakini rangi haipo. Jambo la maana zaidi, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2008, lilikuwa kwa watu waliokutwa na miili ya Lewy bila kuwa na dalili zozote walipokuwa hai. Baadhi yao neva za moyo zilikuwa bado zina rangi, ila madonge yalikuwa yameshajaa kwenye nyuzi zake za mwisho, ilhali seli mama ndani ya gangilioni zilikuwa na madonge machache. Kwa walioendelea zaidi hali iligeuka: kwenye moyo nyuzi zimetoweka, na madonge nayo yamepungua kwa kukosa pa kukaa, huku kwenye gangilioni yakiongezeka. Ni mti unaokauka kuanzia ncha za matawi, shina likiwa bado bichi.

Tahadhari moja hapa, maana wengine hulibeba jambo hili kupita kiasi. Si kila mgonjwa huanzia mwilini. Watafiti wa Aarhus, Denmark, mwaka 2020 walionyesha kwa picha kwamba kuna makundi mawili. Wapo ambao moyo hupoteza neva mapema, sehemu ya ubongo inayotoa dopamini, kemikali ya kuongoza miendo, ikiwa bado inafanya kazi. Wengi wa hao ni watu wanaopiga kelele na kurusha mateke usingizini kwa kuigiza ndoto zao. Na wapo ambao ubongo huumia kwanza, moyo baadaye. Basi mzee anayempiga ngumi mkewe usiku bila kujua, na ambaye siku hizi akisimama huyumba, asiambiwe ana mashetani. Amwone daktari.

Neva ya vagasi, ile ya kupunguza kasi ya moyo, nayo huguswa. Mapigo ya mtu mzima huongezeka kidogo anapovuta pumzi na kupungua anapoitoa. Kwa wagonjwa wa Lewy, mabadiliko hayo hufifia, mapigo yanakuwa sawasawa kama ya saa ya ukutani.

Kuna njia ya kuziona neva hizi mtu akiwa hai. Inaitwa kipimo cha MIBG. MIBG ni kemikali inayofanana na noradrenalini, kwa hiyo pampu ya ncha ya neva huinyakua kwa kudanganyika. Inafungwa kwenye ayodini 123, ayodini ya mionzi ambayo nusu yake huisha kila saa 13 hivi, ili kamera ya gama ione imekwenda wapi. Mgonjwa hulala ametulia, hudungwa kwenye mshipa, mara nyingi mionzi ya megabekereli 111 kwa utaratibu wa Japani, kisha hupigwa picha mbili: ya kwanza dakika 15 hadi 30 baada ya sindano, ya pili baada ya saa 3 hadi 4. Mtaalamu huchora duara juu ya moyo na mraba juu ya eneo la katikati ya kifua, akagawanya wastani wa mng'ao wa moyo kwa ule wa kifua. Tuseme moyo umetoa 66 na kifua 22: uwiano ni 3.0, neva zipo. Moyo ukitoa 26 kwa kifua kilekile, uwiano ni 1.2. Kwenye picha kama hiyo ini linang'aa, mapafu yanaonekana kwa mbali, na mahali pa moyo pamebaki shimo jeusi.

Uwiano huo haulinganishwi kiholela kati ya hospitali na hospitali. Ayodini 123 hutoa pia miale michache yenye nguvu kubwa, ambayo hupenya kuta za madini ya risasi zilizo mbele ya kamera ikiwa ni za aina ya nishati ndogo, na kuushusha uwiano bila mgonjwa kuwa na kosa lolote. Zipo dawa zinazoziba pampu au kumaliza vifuko: amitriptilini na ndugu zake, labetaloli, reserpini, tramadoli, dawa za mafua za kuzibua pua. Na upo moyo ulioumia kwa sababu nyingine, kama moyo kushindwa kufanya kazi, mishipa ya moyo kuziba, au kisukari cha miaka mingi. Mtu wa namna hiyo akipata 1.4, jibu halijatufundisha kitu kuhusu Lewy.

Kikifanywa vizuri, kipimo hiki kina faida ya kipekee. Mgonjwa wa Alzheimer, upungufu wa akili wa aina nyingine, kwa kawaida neva zake za moyo ni nzima. Ugonjwa wa kunyauka kwa mifumo mingi ya neva, ambao hufanana sana na Parkinson na hushusha presha vibaya zaidi, una alfa-sinukleini ileile, lakini uharibifu wake mkubwa uko ubongoni na kwenye uti, kabla ya gangilioni. Waya wa mwisho wa moyo mara nyingi umesalimika, na picha hung'aa. Hata Parkinson ya kurithi inayotokana na jeni ya parkini, ambayo kwa kawaida haina miili ya Lewy, mara nyingi huonyesha moyo mzima. Ndiyo maana vigezo vya kimataifa vya mwaka 2017 vya kutambua upungufu wa akili wa miili ya Lewy vilikipandisha MIBG kuwa miongoni mwa vipimo vitatu vyenye uzito mkubwa. Kukata vipande vidogo vya ngozi kutafuta protini yenye fosfeti pia kunawezekana siku hizi, ila ngozi huonyesha protini hiyo hata katika ule ugonjwa wa mifumo mingi, hivyo kipimo hicho pekee hakiyatenganishi magonjwa haya mawili.

Moyo uliokosa neva hauachi kupiga. Una kitengeneza-mapigo chake ndani. Unachokosa ni kuongeza mwendo pale mwili unapodai. Mgonjwa anapanda kilima au anabeba ndoo, mapigo yanabaki pale pale, naye anachoka upesi, anapumua kwa shida, nyumbani anaonekana mvivu. Hilo la uchovu tunalipita haraka, lakini familia zilijue, maana limewavunjia wengi heshima bure.

Kuhusu kuanguka, tuwe wakweli: moyo peke yake haumuangushi mtu. Ukisimama, nusu lita ya damu au zaidi huteremkia miguuni na tumboni. Mwili wenye afya huhisi upungufu huo ndani ya sekunde chache, unabana mishipa ya damu na kuharakisha moyo. Katika ugonjwa huu neva za kubana mishipa nazo zimepungua, na taarifa kutoka kwenye vihisio vya presha shingoni haijibiwi ipasavyo. Moyo usiong'aa kwenye picha ni ushahidi kwamba uharibifu umeufikia mtandao huo. Ndiyo maana wagonjwa wa Lewy ambao presha huwashuka wakisimama karibu wote neva zao za moyo zimepungua, ingawa wapo wengi waliopoteza za moyo na bado wanasimama bila shida.

Sasa kipimo cha kila mtu. Mlaze mgonjwa chali dakika 5, asizungumze. Pima presha na mapigo, andika. Msimamishe, mkono wenye mkanda wa mashine uegemezwe usawa wa moyo, maana mkono ukining'inia mashine itasoma juu kuliko ukweli. Pima dakika ya 1, pima tena dakika ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10 au zaidi, presha inashuka kwa kusimama. Kisha angalia mapigo. Mfano: presha imetoka 160 hadi 110, tofauti 50, mapigo yametoka 70 hadi 76, tofauti 6. Gawanya 6 kwa 50, unapata 0.12. Chini ya 0.5, neva ndizo zenye kosa. Aliyepungukiwa maji kwa kuhara, presha ikimshuka 50 ileile, mapigo yatapaa hadi 105 au zaidi, na hesabu itavuka 0.5. Hesabu hii haifai kwa anayetumia dawa za kupunguza mapigo kama propranololi au atenololi, wala kwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio. Pimeni asubuhi kabla ya kifungua kinywa na tena saa moja baada ya mlo mkubwa, kwa sababu hizo ndizo saa mbaya. Kipimo cha saa 10 alasiri peke yake kinadanganya.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ya watu wetu. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulipita kwa watu 161,071 na kupata wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Mgonjwa asiyejulikana ana Parkinson hawezi kushukiwa kuwa na neva za moyo zilizokufa. Mashine ya presha iko zahanati.

Matibabu. La kwanza ni kuondoa kinachoshusha: dawa za kukojoza, dawa za presha za kulegeza mishipa, prazosini na tamsulosini za tezi dume, amitriptilini ya usingizi. Levodopa yenyewe, dawa kuu ya Parkinson, hushusha presha, lakini haikatwi kwa pupa. Kushusha presha huko kunahusu pia unga wa mbegu za upupu, ambazo zina levodopa ya kweli. Anayeutumia kienyeji bila kipimo atashuka presha vilevile, na kichefuchefu juu yake.

Maji: vikombe viwili vikubwa, nusu lita, vinywewe ndani ya dakika 5 kabla ya kuondoka kitandani. Presha huanza kupanda baada ya dakika 5 hadi 10, hufika kilele kama nusu saa hivi. Anayepaliwa apewe polepole na kwa uangalizi.

Mkaja. Kina mama wanaujua. Damu nyingi hujificha kwenye mishipa ya tumbo, na kitambaa kipana kilichofungwa imara kutoka chini ya mbavu hadi nyonga husaidia kuliko soksi zinazoishia magotini. Ufungwe mgonjwa akiwa amelala, ufunguliwe anaporudi kulala. Mwanamume naye afungwe, asione haya.

Kitanda: miguu ya upande wa kichwani iinuliwe juu ya tofali la inchi 6. Mito mirefu si mbadala, hukunja shingo tu. Sababu ni kwamba wagonjwa hawa presha huwapanda wakilala, figo huitikia kwa kumwaga chumvi na maji usiku kucha, na asubuhi mtu huamka amekauka. Ndiyo ile 160 ya yule mzee wetu. Mchana asilazwe chali, aegemee kiti.

Chakula kigawanywe. Sahani ndogo mara nne au tano ni bora kuliko mlima wa ugali mchana. Anayeswali akiinuka kutoka kwenye sijda akae kwanza, au aswali ameketi, ruhusa ipo. Chooni, kuchuchumaa hupandisha presha na kuinuka ghafla huiangusha kwa kishindo; pawe na kitu cha kushika ukutani, na usiku chombo kiwe kando ya kitanda.

Vikishindikana hivyo, daktari ana midodrini, kuanzia miligramu 2.5 hadi 10 mara tatu kwa siku, dozi ya mwisho angalau saa 4 kabla ya kulala. Ana fludrokotisoni, miligramu 0.1 asubuhi, ambayo hushusha potasiamu na haifai kwa mwenye moyo ulioshindwa. Na ipo droksidopa, ambayo mwili huigeuza kuwa noradrenalini hata nje ya neva. Hiyo inafaa pale neva zenyewe zilipokwisha.

Kwa upande wa akili, donepezili na rivastigmini huwasaidia wengi, ila zote hupunguza kasi ya moyo. Kipimo cha umeme wa moyo kifanywe kabla. Mgonjwa akianza kuona watoto au wanyama wasiokuwapo, msimpe dawa za kutuliza akili kama haloperidoli wala klopromazini. Kwa mtu wa Lewy dozi ndogo tu inaweza kumkakamaza, kumlaza siku kadhaa, hata kumuua. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika nayo iepukwe.

La mwisho ni kwa wanaowaandaa wagonjwa kwa upasuaji. Misuli ya moyo na mishipa iliyokosa neva muda mrefu huwa na kiu ya kemikali zake, na dozi ya kawaida ya adrenalini au fenilefrini inaweza kurusha presha juu kwa namna ya kutisha. Mtoa dawa ya usingizi aanze na dozi ndogo, asubiri, apime. Asiposhuku hatajua, kwa hiyo mwandikieni juu kabisa ya faili: ugonjwa wa miili ya Lewy, presha hushuka akisimama. Chini yake wekeni vipimo viwili vya karibuni, cha kulala na cha kusimama, na saa vilipochukuliwa.